Chandarua cha Mgeni

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Zawena alikuwa akitoka uani kuwafunulia vifaranga chandarua chao. Aliondoa kwanza mawe manne yaliyoshikilia pindo, akakikunja taratibu kuanzia upande wa ukuta, kisha akauliza, "Haya, mmeamkaje?" Vifaranga kumi na mmoja wakamjibu kwa pamoja. Walikuwa wazima, wanene, wenye macho maangavu. Nathubutu kusema kwamba katika nchi yetu hakukuwa na raia wenye afya kama wao. Mwewe hakuwagusa, na malaria hawakuiugua hata siku moja.

Asubuhi ninayoisimulia alikuwa ameshaondoa jiwe la tatu, tarumbeta ikalia nyuma ya ua. Vifaranga wakatawanyika. Jiwe la nne likamponyoka mkononi. Mlango wa ua ukasukumwa, akaingia bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, tai nyekundu, na muhuri mkubwa ulioning'inia shingoni kwa kamba kama filimbi ya refa. Nyuma yake alisimama mpiga tarumbeta, ambaye aliajiriwa kwa kazi hiyo tu na alionekana kuipenda.

"Hongera, mama!" akasema mwenye muhuri. "Kaya yako imelishinda taifa zima!"

"Si neno," akajibu Zawena, akainama kumtafuta kifaranga aliyejificha nyuma ya kiatu cha bwana yule.

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa mambo yote. Ukimkanyaga kidole, si neno. Ukimrudishia sufuria yake imetoboka, si neno. Mama mkwe wake akisema leo kwamba mchuzi umezidi chumvi, na kesho kwamba mchuzi hauna chumvi, si neno na si neno. Majirani walimsifu kuwa ni mwanamke asiye na maneno. Mimi nadhani alikuwa nayo mengi mno, na aliogopa kwamba akilitoa moja, mengine yote yatatoka mbio nyuma yake kama vifaranga wale.

*

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Ni kwamba kuitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa Jumatano ya tano ya kila mwezi, isipokuwa miezi yenye Jumatano tano, ambapo siku hiyo huwa ni sikukuu.

Ila naweza kusema kuwa ni nchi nzuri, na ina Wizara ya Usingizi. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Balozi Tulizo Makoromo, ndiye aliyewagawia wananchi vyandarua, kimoja kwa kila nyumba. Mwaka uliofuata akagawa kimoja kimoja tena, kwa sababu mara ya kwanza picha hazikutoka vizuri.

Baada ya kugawa, Wizara ilitaka kujua kama vinatumika. Ikatunga fomu yenye swali moja: *Je, kaya yako inatumia chandarua?* Mwanzoni fomu ilikuwa na visanduku viwili, cha Ndiyo na cha Hapana, lakini cha Hapana kiliondolewa katika juhudi za kubana matumizi ya wino. Kazi ya kuizungusha fomu nyumba hadi nyumba akapewa Bwana Sufiani, huyo huyo mwenye muhuri. Cheo chake kamili ni Karani Mkuu wa Ndiyo.

Nataka ieleweke kwamba wananchi wetu si waongo. Mtu aliulizwa kama anatumia chandarua, akasema kweli, anatumia. Mkulima wa kule mtoni alikingia miche ya nyanya. Muuza togwa alifunikia madumu. Timu ya mpira ya mtaani ilivitundika viwili magolini, ikafungwa mabao tisa, na kila bao wavu ulitikisika kwa namna ya kupendeza mno. Kibibi, jirani wa Zawena, alikishona chake kikawa shela la harusi ya binti yake. Bibi harusi alimeta, na bwana harusi akapiga chafya kwa sababu ya ile dawa ya mbu tangu alipolifunua shela mpaka keki ilipokatwa. Nyumba nyingine walikitandaza juu ya paa, maana redio ilisema familia nzima ilale chini ya chandarua, na kwa hakika walilala chini yake, wote tisa, pamoja na mbuzi.

Kote huko Karani Sufiani aligonga muhuri: Ndiyo. Zilipojumlishwa, matumizi ya vyandarua yalikuwa asilimia mia moja na nne. Ile nne ilitokana na nyumba zilizokitumia kwa kazi mbili.

Waziri Makoromo alipanda jukwaani kuwatangazia wananchi.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Usingizi ni mkakati! Mbu ametafakari, amejitathmini, na amebaini kwamba katika nchi hii hana mustakabali! Kuanzia leo malaria haipo, na atakayeugua, ataugua kinyume cha takwimu!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Wengine walikuwa wanaua mbu, lakini redioni makofi ni makofi.

*

Kwa kuwa malaria haikuwepo tena, neno lenyewe likafutwa katika vitabu vya zahanati. Aliyekwenda na homa aliandikiwa "joto la furaha." Aliyetetemeka kwa baridi aliandikiwa "msisimko." Muuguzi wa zahanati yetu, Sekela, mwanamke mwenye mwandiko mzuri, alijaza kurasa kwa kurasa za furaha na misisimko mpaka kalamu zikamwishia.

Mwaka uliopita Zawena alikuwa na mimba ya miezi mitano alipopatwa na joto la furaha. Lilimkaa siku sita. Siku ya saba mimba haikuwepo tena. Sekela alikifungua kitabu, akatafuta sehemu ya kuliandika jambo hilo, akaikosa. Akakifunga, akakaa naye kitandani, wakashikana mikono mpaka jioni.

"Pole, shoga yangu," Sekela alisema.

"Si neno," alisema Zawena. Lakini mara hiyo alilisema polepole sana.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minane, na jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu, tena dogo: chandarua juu ya kitanda chake.

Chandarua kilikuwepo. Cha kwanza walipewa vifaranga, kikatoboka na kufuliwa mpaka dawa yote ikatoka. Lakini cha pili kilikuwa kipya, bado kimo katika mfuko wake wa nailoni, chini kabisa ya sanduku la mama mkwe, Bi Mwatumu, na ufunguo wa sanduku Bi Mwatumu aliufunga katika pindo la kanga yake.

"Kizuri kama kile," Bi Mwatumu alisema kila jambo hilo lilipokaribia kutajwa, "mtu unalalia tu hivi hivi? Wewe nani? Kile cha mgeni! Akija mgeni hapa tumlaze wapi, tukaaibike?"

Usimwelewe vibaya. Alikuwa mwanamke mkarimu. Katika sanduku lile kulikuwa pia na sahani sita za mgeni, shuka la mgeni, kikombe cha mgeni, na sabuni ya mgeni iliyokuwa imesinyaa kwa kungoja. Kwa miaka yote hiyo nyumba ile ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kufika.

Mume wa Zawena, Chande, alikuwa fundi seremala. Alitengenezea mji mzima vitanda vyenye nguzo nne za chandarua, vikasifiwa, na yeye mwenyewe alilalia kitanda kisicho na nguzo hata moja.

"Mimi nikiingia mle, mke wangu, najiona samaki," alisema. "Tena joto! Mtu unapumua hewa uliyokwisha kuipumua."

Zawena hakubishana. Siku moja alimwandalia chakula, na pembeni ya sahani, mahali panapokaa pilipili, akampangia misumari minne. Chande akaitazama. Akala. Alipomaliza, akaitia misumari mfukoni, akasema chakula kilikuwa kitamu, akaenda kazini. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita, na misumari ilikuwa bado mfukoni. Akitembea unaisikia.

*

Narudi uani, ambako Karani Sufiani alikuwa akisoma barua ya Wizara, huku mpiga tarumbeta akisubiri nukta ili apulize.

"Kaya hii," akasoma, "ilipoulizwa kama inatumia chandarua, ilijibu 'usiku na mchana.' Katika jamhuri nzima hakuna kaya nyingine iliyotoa jibu la namna hiyo. Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri atakuja hapa Jumamosi, na atalala."

Tarumbeta.

Ni kweli Zawena alijibu hivyo. Usiku vifaranga walilala humo kwa hofu ya paka, na mchana, jua likiwa kali, waliwekewa tena kwa hofu ya mwewe. Alitaka kulieleza hilo siku ile, lakini Karani alikuwa ameshagonga muhuri, na muhuri ukishagongwa, haubanduki.

"Atalala usiku?" akauliza Chande, ambaye alikuwa ametoka na mswaki mdomoni.

"Usiku picha zinatoka nyeusi, bwana fundi. Mheshimiwa atalala saa nne kamili asubuhi mpaka saa nne na dakika ishirini. Usingizi wa kitaifa. Kitanda kiwe na nguzo nne."

Bi Mwatumu alisikia akiwa jikoni. Ungedhani mtu amemwaga maji ya baridi juu yake. Alitoka mbio, akapiga kigelegele, akasimama katikati ya ua akizunguka na kanga yake.

"Mgeni! Si niliwaambia? Mkanicheka! Mkaniona bibi kizee nina wazimu wa sanduku! Waziri mzima mzima! Zawena mwanangu, chota maji, tukakiue chumba!"

"Kukiua, mama?"

"Kukisafisha! Tukiue uchafu! Usinikamate maneno leo, nina furaha."

Akafungua pindo, akafungua sanduku, akakitoa chandarua. Kilikuwa cheupe mno, na harufu ya dawa ikaenea nyumba nzima. Mbu watatu waliokuwa wakiishi nyuma ya kabati wakahama bila kuaga.

Siku mbili Chande alipiga randa mchana kutwa. Jioni ya Ijumaa kitanda chao wenyewe, kile kile kisicho na nguzo, kilikuwa na nguzo nne nzuri za mninga zilizochongwa vichwa vya maua. Zawena alisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine tumboni, akazitazama. Siku mbili tu. Kumbe ilikuwa kazi ya siku mbili.

Chande akaacha kupuliza vumbi la mbao.

"Umeninunia?"

"Si neno."

"Kama una neno, sema."

Zawena alifungua mdomo. Nusura. Kisha Bi Mwatumu akapita katikati yao na shuka la mgeni, akisema jamani nipisheni nipisheni, na lile neno likarudi lilikotoka.

*

Jumamosi saa tatu na nusu msafara ulifika. Magari kumi na mawili, na la kumi na tatu lilibeba mto wa Mheshimiwa. Majirani walijaa uani, wengine juu ya ukuta. Kibibi alikuja na shela la binti yake kichwani ili lionekane kwenye picha. Muuguzi Sekela aliitwa apime mapigo ya moyo ya taifa, nadhani walimaanisha ya Waziri.

Mheshimiwa Makoromo aliwahutubia akiwa amevaa pajama yenye rangi za bendera.

"Ndugu wananchi! Kuna viongozi wanaowaambia wananchi walale, wao wenyewe wakakesha! Mimi si wa aina hiyo! Mimi nitalala mbele yenu, bila kificho, kwa uwazi na uwajibikaji! Nikifumba macho, fahamuni ninawaona! Nikikoroma, fahamuni ninawasikia!"

Akavuliwa viatu na Mkurugenzi wa Viatu. Akapanda kitandani. Bi Mwatumu mwenyewe akamchomekea chandarua pande zote nne, machozi yakimtoka kwa fahari. "Karibu, mwanangu, karibu," akawa anasema. "Usione aibu, hiki ni chako, tulikutunzia." Bendi ikaanza wimbo wa taifa kwa sauti ya chini, kama bembelezo la kumlaza mtoto, na dakika ya tatu Waziri wa Usingizi akalala.

Akalala kwelikweli. Hilo halikuwa kwenye ratiba.

Inasemekana tangu ateuliwe hakuwahi kupata usingizi, kwa kuwa jumba lake lilikuwa kubwa na madirisha yake mengi, na wasaidizi wake waliona haya kumwambia Waziri wa Usingizi kwamba mbu wanaingia. Sasa, kwa mara ya kwanza, hakuna mbu aliyemlia sikioni. Saa nne na dakika ishirini ikapita. Saa tano. Saa saba. Mheshimiwa alikoroma kwa sauti nene yenye mpangilio, na Karani Sufiani, aliyekuwa amepewa amri ya kurekodi kila atakalosema, akaandika kila mkoromo: Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Si mumwamshe?" akauliza Chande.

Karani akamtazama kwa huruma. "Bwana fundi. Kanuni za Usingizi, kifungu cha tatu. Waziri huamshwa kwa kibali cha maandishi kilichotiwa saini na Waziri."

"Waziri yupi?"

"Wa Usingizi."

"Si ndiye huyu?"

"Ndiyo," akasema Karani, kwa mazoea.

Wakamwachia bendi ikamwimbia kwa zamu. Jumapili gazeti la serikali likaandika kwa herufi kubwa kwamba Waziri amejitoa mhanga na anazidi kulala. Salamu za pongezi zikaletwa kwa pikipiki. Nchi jirani, kwa wivu, ikatangaza kuwa waziri wao naye amejilaza.

Zawena alihamishiwa jikoni, kwenye mkeka. Jikoni kwetu ni mahali pa kuta nusu, moshi hutoka vizuri, na kinachoweza kutoka huweza pia kuingia. Alijifunika kanga mbili. Miguu yake, iliyovimba kwa mimba, ilitokeza nje ya kanga zote mbili. Mbu, ambao hawakuwa na mustakabali, walikula walichokikuta.

Chande alilala nje ya mlango wa jikoni, akampepea kwa kipande cha mbao mpaka mkono ukafa ganzi. Kila alipojigeuza, misumari ililia mfukoni mwake.

*

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, Zawena alitoka kuwafunulia vifaranga. Jua lilikuwa limeshapanda ukutani. Akaondoa jiwe la kwanza, la pili. Kisha akahisi baridi.

Aliijua baridi ile. Huanzia mgongoni, katikati, kama mtu amekuwekea kidole cha maji. Akaketi chini pale pale kati ya vifaranga, akashika tumbo kwa mikono miwili. Ndani, mtoto akamsukuma kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyokuwa na hakika nayo.

Sekela, aliyekuja kupima mapigo ya Waziri, ndiye aliyemwona. Akamgusa shingo. Akatazama huku na huku, Karani alikuwa mbali kidogo akichonga penseli.

"Zawena," akanong'ona. "Hii ni ma..."

"Muuguzi!" Karani akaita. "Unaandika nini hapo?"

"Msisimko, bwana!" akajibu Sekela. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari mfukoni. Akamtolea Zawena vidonge, ambavyo zahanati iliviandika katika vitabu vyake kama peremende. "Kunywa sasa hivi, mbele yangu. Kisha ukale. Halafu nisikilize, shoga, na unisikilize vizuri. Dawa ninayo leo. Lakini usiku wa leo ukilala jikoni tena, na kesho, na kesho kutwa, mimi peremende zitaniishia. Una mwezi mmoja. Lala kwenye chandarua."

"Kina mgeni," akasema Zawena.

Sekela akampa mkono. Akamsaidia kuinuka.

Sasa, wakati huo huo, Bi Mwatumu naye alikuwa akihesabu vidole. Jumamosi, moja. Jumapili, mbili. Jumatatu. Alikuwa amempikia mgeni wake milo sita, na yote sita ilipoa. Sahani za mgeni zote sita zilikuwa chafu. Na yeye, kama nilivyosema, alikuwa mwanamke wa desturi, na desturi haifuatwi nusu. Akaingia stoo. Akatoka na jembe.

"Bibi!" Karani akaruka mlangoni pa chumba, akatandaza mikono. "Unakwenda wapi na silaha?"

"Silaha ya nani? Hili jembe."

"La nini?"

"La mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya tatu. Nipishe, baba, shamba la mihogo limeota magugu."

"Bibi, huyu ni Waziri!"

"Nami nimesema si Waziri? Kwani mawaziri hawana mikono?"

"Kifungu cha tatu kinasema..."

"Kifungu chako kimeanza lini?"

"Mwaka jana."

"Hiki changu nimekikuta!" Na Bi Mwatumu akambonyeza tumbo kwa mpini, si kwa nguvu, akapita.

Watu wote wakajazana nyuma yake. Bendi, ambayo haikuwa imeambiwa iache, ikaendelea na bembelezo. Bi Mwatumu akaliegemeza jembe kwenye nguzo ya kitanda, upande wa kichwani. Mheshimiwa akajigeuza, akatabasamu, akakoroma. Karani akaandika: Ndiyo. Bi Mwatumu akabaki amesimama, hajui hatua inayofuata, maana desturi inasema mpe jembe, haisemi ufanyeje kama hajaamka kulipokea.

Hapo ndipo Zawena alipopita katikati ya watu. Kanga zake mbili alikuwa amejifunga moja juu ya nyingine, na meno yalikuwa yakigongana. Akasimama miguuni pa kitanda chake.

"Nina neno," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini Kibibi alilisikia, akamfinya aliye mbele yake, naye akamfinya mwingine. "Nani? Zawena? Ana neno?" Likapita mlangoni, likapita uani, likafika kwa bendi. Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta. Ngoma ikanyamaza.

Ukawa ukimya mtupu, na ukimya huo ndio uliomwamsha Waziri. Siku tatu alikuwa akiimbiwa, na kichwani mwake kimya kilimaanisha kwamba hotuba ya mwenzake imekwisha na sasa ni zamu yake. Akaketi ghafla ndani ya chandarua, nywele zimesimama, shavu moja lina alama ya mto. Akawaona watu. Akafanya kilichomjia, kwa sauti ya jukwaani:

"Je! Kaya hii inatumia chandarua?"

Karani Sufiani akainua muhuri juu, tayari.

Zawena akavuta pumzi. Chande alikuwa amemfikia, akasimama kando yake. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa misumari minne, akaishika kiganjani, wazi, mbele ya mke wake, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima akakaa nacho kupita kiasi.

"Sema," akamwambia.

"Hatukitumii, Mheshimiwa," akasema Zawena.

Muhuri ukabaki hewani.

"Vifaranga wanakitumia. Kibibi ametumia, ameozea binti. Muuza togwa anatumia. Wewe umetumia, siku tatu, na umekoroma. Nchi nzima inatumia. Mimi sitaki kutumia." Sauti ilikuwa ikitetemeka kwa baridi, lakini maneno yalikuwa yakitoka moja baada ya jingine, na hakuna aliyeyakimbiza. Akamgeukia Bi Mwatumu, akamsogelea, akamshika mkono ule ulioliegemeza jembe, akauweka juu ya tumbo lake. "Mama. Umesema miaka yote kwamba chandarua ni cha mgeni. Sijakubishia. Mgeni ni huyu. Amesimama mlangoni pako miezi minane, anabisha, na wa kabla yake alibisha miezi mitano akachoka, akarudi. Msikie. Huyo. Umemsikia?"

Bi Mwatumu alikuwa amemsikia. Alisimama mdomo wazi, mkono wake umeganda pale pale, na machozi yakamtoka bila fahari yoyote. Kisha, bila kuuondoa mkono ule, kwa mkono wa pili akalichukua jembe, akalipenyeza chini ya pindo la chandarua, akamkabidhi Waziri mapajani.

Waziri akalitazama jembe. Akamtazama Karani. Karani akautazama muhuri wake, akaugeuza chini juu, kana kwamba upande wa pili huenda kukawa na neno jingine.

"Shuka, Mheshimiwa," akasema Zawena. "Nataka kulala."